Nira Nne za Baba

Kila mhubiri anapofika kwenye yale maneno ya Wagalatia kuhusu tunda la Roho, mimi naona ng'ombe. Siwezi kujizuia. Hapa Huruma, mjini Eldoret, ninapoishi siku hizi kuna mhubiri wa barabarani mwenye spika kubwa kuliko kibanda cha mboga, na kila Jumamosi huja karibu na dirisha langu kutangaza upendo, furaha na amani kwa sauti ya mtu anayegombana na jirani. Wajukuu wangu huziba masikio. Mimi huweka sufuria chini, nikakaa, nikaanza kuwaona wakija. Upendo alikuwa mwekundu, na pembe yake moja ilikuwa imevunjika. Furaha alikuwa na doa jeupe kwenye paji la uso. Amani alikuwa mkaidi kupita ng'ombe wote wa upande wa Soy, wa Wazungu na wa watu weusi.

Baba alikuwa mtu wa plau. Tulitoka magharibi, kwenye migomba na watu wengi, tukaja kukaa katika shamba la Kaburu mmoja njia ya kwenda Soy nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwa hivyo nikiulizwa kwetu ni wapi, mdomo hutaja magharibi lakini pua hukumbuka shamba lile. Hukumbuka moshi wa kuni za miwati, na udongo uliopinduliwa asubuhi wakati nyasi bado zina baridi ya kuuma vidole. Hukumbuka ngano ikikaribia kukomaa, upepo ukipita juu yake kutwa nzima bila kuchoka. Tulilala kwenye laini, zile nyumba za udongo zilizopangwa mstari mmoja ili nyapara asipate taabu ya kutuhesabu. Maskini tulikuwa, sikatai, ila mimi sikuwa nimeambiwa bado, kwa hivyo nilikuwa na utoto mzuri sana.

Watu wa plau walikuwa na desturi yao. Ng'ombe wa kazi hakupewa jina la kumsifu. Alipewa jina la kitu kilichokuudhi, ili ukishinda ukimfokea kutwa, jioni urudi nyumbani moyo umepoa. Ng'ombe wa baba walikuwa wanane, nira nne, wawili wawili. Mbele walikuwa Kodi na Kipande, yaani kile kitambulisho cha serikali tulichovishwa shingoni. Nyuma yao Korti na Karani, halafu Posho na Baridi, na karibu kabisa na plau, mahali pa wenye nguvu, Nyapara na Shemeji. Huyo Shemeji alipewa jina kwa heshima ya kaka yake mama, ambaye hakuwahi kumkubali baba tangu siku ya kwanza. Mama alikuwa akipalilia mahindi upande wa pili wa uzio huku akisikia ukoo wake ukitajwa kwa uvivu, ulafi na miguu mibovu tangu jua kuchomoza.

Na matusi hayakuwa mchezo. Watu wa plau waliamini kabisa kwamba ng'ombe asiyetukanwa havuti. Kijana aliyetaka kujifunza kazi hiyo alifundishwa kufunga nira, kushika plau na kutukana, na hilo la tatu ndilo lililochukua muda mrefu. Baba alilijua kuliko wote. Watu wa mashamba ya jirani walisimamisha majembe yao kumsikiliza. Tatizo ni kwamba ulimi ukizoea kazi haujui saa ya kufungua nira. Baba alirudi nyumbani nao vilevile, akautumia kwa jirani, kwa kuku, kwa mlango uliokwama. Na ulimi ukishindwa, mikono ilisaidia. Hasira hasara, mama alikuwa akimwambia, naye alijibu kwamba hasara ameshazoea.

Mama alikuwa Mkristo kabla ya kuolewa. Alisomea misheni kwao, akaja na Agano Jipya lililofungwa kwa kitambaa, na jioni alitusomea polepole, kidole chini ya mstari. Baba alikaa karibu na moto akijifanya anachonga mpini. Kwa muda mrefu nilidhani hasikilizi. Kumbe alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nyumba asiyoruhusiwa kuingia.

Kilichomwingiza kwenye darasa la ubatizo ni neno moja. Lazima nieleze kwamba kwenye shamba lile hakuna mwanamume mweusi aliyekuwa mtu mzima. Baba alikuwa na mvi ndevuni na watoto watatu, lakini kwa Kaburu alikuwa boi, na Kaburu akikasirika, alikuwa toto. Mwana wa Kaburu, aliyekuwa rika langu na meno ya mbele yameng'oka, naye alimwita baba boi. Baba aliitika. Akiitika, shingo yake ilikuwa ikivimba, na usiku huo hakuna aliyeongea kwetu.

Basi Jumapili moja mama alimbembeleza amsindikize kwenye kanisa letu, lile la nyasi kando ya kijito, na mwalimu wa kanisa akasoma katika barua ya Warumi kwamba hatukupewa roho ya utumwa ya kutuogopesha tena, bali tumefanywa watoto, na tunamwita Mungu Baba. Mwalimu huyu alikuwa mtu wa hapa hapa nyanda za juu, mwembamba, mpole, aliyetembea kwa miguu kutoka kanisa moja hadi jingine na viatu vyake mkononi ili visiishe. Alipomaliza, baba akasimama. Mama akaangalia chini.

"Mwalimu, nauliza," baba akasema. "Huyo mtoto wa Mungu, ni toto wa jikoni ama ni mtoto wa kukaa mezani?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aliangalia ile karatasi nyembamba ya kitabu chake kana kwamba swali lilikuwa limeandikwa hapo, akasema, "Ni wa mezani, Mzee. Tena wa kurithi. Endelea kusoma mwenyewe, utaona imeandikwa."

Baba hakujua kusoma, lakini wiki hiyo hiyo alijiandikisha. Alikwenda mjini, Sisibo kama tulivyoita Eldoret wakati huo, akarudi na shati jeupe la kitambaa cha amerikani lililoshonwa na fundi kwenye baraza la duka la Mhindi. Lilikuwa shati la kubatiziwa. Akalitundika kwenye boriti juu ya kitanda, mbali na moshi kadiri ilivyowezekana katika nyumba ya chumba kimoja.

Shati lile lilikaa pale muda mrefu kuliko alivyodhani. Mwaka wa kwanza aliondolewa kwenye orodha ya ubatizo kwa sababu alimpiga mtu kwenye foleni ya posho. Mwaka wa pili alifika karibu kabisa, halafu mbuzi wa jirani akala mboga zetu, na yale baba aliyomwambia mwenye mbuzi yalisikika hadi ng'ambo ya kijito, siku ya Jumapili, watu wakitoka ibadani. Kila mwaka mama alilishusha shati, akalifua, akalianika juu ya uzio, akalirudisha kwenye boriti. Lilikuwa limeanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Baba alilitazama mwaka wa tatu ulipoanza, akasema, "Mama watoto, nikianguka safari hii, toa hiyo kitu ukatie mtoto nepi. Mimi sirudi tena kule." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha mama. Mtu akisema jambo kama hilo kwa hasira, unaweza kungoja hasira ipite.

Palikuwa na masharti mawili. La kwanza, kila mwanafunzi wa ubatizo alisimama mbele ya kanisa zima na mwalimu akauliza mwenye neno naye aseme. Hapo ndipo baba alipokuwa akianguka. La pili, ilibidi kusema kwa moyo maandiko machache, na mwaka ule mwalimu alimchagulia baba yale ya tunda la Roho. Nadhani alifanya makusudi. Wapole wana ujanja wao.

Mama alimfundisha jioni baada ya jioni. "Upendo, furaha, amani." "Upendo, furaha, amani," baba akarudia, na kufikia asubuhi yote yalikuwa yameyeyuka. Alisema kichwa chake kimejaa udongo. Kisha siku moja akarudi kutoka shambani anacheka peke yake, akaita toka mbali, "Mama watoto! Nimepata dawa! Nimebatiza ng'ombe!"

Alikuwa amewapa majina mapya wote wanane. Kodi sasa aliitwa Upendo, na Kipande akaitwa Furaha, jambo ambalo serikali ingefurahi kulisikia. Korti akawa Amani. Karani akawa Uvumilivu. Posho akawa Utu Wema na Baridi akawa Fadhili. Nyapara alipewa Uaminifu. Na Shemeji, lile dume kubwa lililopenda kurusha teke, likaitwa Upole. "Sasa siwezi kusahau," baba akasema. "Nikiona pembe nakumbuka andiko."

Mama alihesabu kwa vidole. "Lakini ni tisa, baba watoto. Umeacha kiasi."

"Nira ni nne tu. Huyo kiasi atatembea wapi?"

Mama akamweleza kwamba kiasi ni kujitawala, ndilo neno la mwisho, na ndilo hasa lililomwangusha miaka miwili. Baba akasema atalikumbuka bila ng'ombe. Hakulikumbuka hata mara moja. Kila jioni alifika hadi kwa Upole, akasimama hapo, na macho yake yakatafuta ng'ombe mwingine nyuma ya plau, na hakuna.

Na kulikuwa na shida nyingine ambayo yeye hakuiona kabisa. Alikuwa amebadilisha majina, hakubadilisha ulimi. Desturi ya watu wa plau ilikuwa ndani ya mifupa yake. Basi asubuhi bonde lote lilisikia, "Upendo, mjinga wewe, tangu uzaliwe hujafanya kazi! Amani, shetani mkubwa! Furaha, leo nakuchuna ngozi! Fadhili ni mwizi! Upole, mama yako alikuwa fisi!" Ng'ombe wenyewe hawakujali majina. Waliujua ule wimbo wa sauti, wakavuta vizuri tu. Mama alipojaribu kumwonya, aliapa kwa dhati kwamba hatukani mtu yeyote, anatukana ng'ombe, na hakuna mahali Paulo alipokataza. Mama alitaka kukasirika akashindwa. Nilimwona amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Miaka hiyo nilikuwa sijui kwamba watu wazima wanaweza kupendana. Nilidhani wanaishi tu pamoja. Siku hiyo nilianza kushuku.

Lakini kulikuwa na mama mmoja, jirani yetu wa nyumba ya mwisho kwenye laini, mcha Mungu wa kweli, aliyekuwa akichimba kishamba chake upande wa juu wa bonde. Yeye hakuwaona ng'ombe, kwa sababu miti ya miwati ilimkinga. Alisikia sauti tu. Na kutoka kule juu alichosikia ni mwanafunzi wa ubatizo akilaani tunda la Roho moja moja, kwa majina, kila asubuhi. Alikaa nalo moyoni, akiliombea.

Mvua ilikuwa inakaribia, na Kaburu alitaka bonde la chini lilimwe kabla haijafika. Kaburu huyu sisemi alikuwa mbaya kuliko wengine. Jumapili hakufanya kazi wala hakuturuhusu tufanye. Jioni aliwasomea watu wake Biblia kubwa, na sisi watoto tukipeleka maziwa tuliwasikia wakiimba zaburi kwa lugha yao, polepole sana, wimbo mmoja ukichukua muda wa kuivisha ugali. Nilikuwa napenda kuusikiliza. Nasema haya ili mtu asidhani hakumjua Mungu. Alimjua, ila alidhani ni wa ukoo wake.

Siku ya bonde la chini, mimi na mama tulikuwa tumepeleka uji. Mbele ya ng'ombe alikuwa mzee wa kushika kamba, mtu wa huku huku, mwenye masikio yaliyotobolewa zamani na kiko kisichowaka, ambaye hakuwa na dini yoyote tuliyoijua na hakupenda kuongea. Baba alikuwa nyuma na plau, mjeledi mrefu begani. Kukawa na mlio mbaya wa chuma. Jiwe lilikuwa limejificha chini ya nyasi, na jembe la plau likakatika vipande viwili. Ng'ombe wakasimama wenyewe. Kaburu akaja na farasi kutoka ng'ambo, uso mwekundu, akashuka kabla farasi hajasimama vizuri.

"Wewe toto!" akapiga kelele. "Wewe hapana iko na macho? Nani naharibu plau yangu? Mvua nakuja, wewe navunja plau! Wewe toto kabisa! Mimi nafundisha wewe kama toto!"

Akampiga baba kofi la kofia. Ndivyo naliita, kwa sababu halikugusa shavu. Lilichukua kofia ya baba likaitupa matopeni, mbele ya mke wake na binti yake na yule mzee.

Hapa ndipo ninapotaka niende polepole, kwa sababu ndipo ninapoenda kila mara mhubiri wa dirishani anapoanza. Mjeledi ulikuwa mkononi mwa baba. Ulikuwa mjeledi wa ngozi, mrefu, na baba alikuwa anaweza kumwondoa inzi mgongoni mwa ng'ombe wa mbele bila kugusa nywele. Niliona shingo yake ikivimba. Niliona mkono ukishika mpini upya, kama mtu anavyoshika anapotaka kuutumia. Mama alikuwa ameangusha kibuyu cha uji, na uji ulikuwa unamiminika katikati ya miguu yetu, wala hakuna aliyeuokota. Kila mtu pale alijua, hata mimi, kwamba mkono ule ukiinuka baba atafungwa, na sisi tutatolewa kwenye laini kabla ya jua kutua.

Baba hakumtazama Kaburu. Aliwatazama ng'ombe. Akaanza kutoka mbele, kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliwataja bila tusi lolote. "Upendo," akasema, na ng'ombe mwekundu akageuza sikio. "Furaha. Amani. Uvumilivu." Alishuka nira baada ya nira, taratibu, huku Kaburu akiendelea kufoka. "Utu wema. Fadhili. Uaminifu. Upole." Alipofika kwa Upole, macho yake yakatafuta nyuma ya plau kama kila jioni. Halafu akainama. Akaulaza mjeledi juu ya nyasi, akanyoosha ncha yake isije ikajikunja, akaenda kuwafungua ng'ombe nira zao.

"Wewe naomba?" Kaburu akauliza. Sijui kama alikuwa anadhihaki au ameogopa. Baba akaendelea kufungua nira. Mzee wa kamba alitoa kiko mdomoni, akakitazama, akakirudisha.

Kesho yake baba alinyang'anywa plau. Ng'ombe wake wakapewa mtu mwingine, naye akapelekwa kuchimba mitaro kwa jembe la mkono pamoja na vibarua wapya. Aliumia. Jioni alikaa nje ya nyumba akisikiliza yule mwingine akirudi nao, akiwaita kwa majina yao ya zamani. Mama alisema afadhali mitaro kuliko jela. Baba alisema anajua. Lakini alikuwa amepoteza kitu zaidi ya kazi, kwa sababu bila pembe za kutazama, andiko lilianza tena kuyeyuka, na Jumapili ya kuulizwa ilikuwa inafika.

Siku hiyo ilifika na kanisa likajaa. Baba alisimama mbele na wenzake, bila kofia, shati la rangi ya chai ya maziwa likingoja nyumbani. Mwalimu akauliza mwenye neno. Mwenye mbuzi alikuwepo, akakaa kimya. Yule wa foleni ya posho akakaa kimya. Mama alikuwa ameanza kuvuta pumzi wakati jirani yetu wa nyumba ya mwisho aliposimama, machozi tayari machoni.

"Mimi nina neno, na Mungu anajua sitaki kulisema," akasema. "Huyu baba analaani Neno la Bwana. Nimemsikia kwa masikio yangu. Anasema amani ni shetani. Anasema fadhili ni mwizi. Anasema atachuna furaha ngozi."

Kanisa likashika mdomo. Kupiga mtu kwenye foleni ni dhambi ambayo watu wanaielewa. Hii ilikuwa kitu kingine. Baba akamgeukia. "Ni ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe gani?"

"Furaha ni ng'ombe. Ana doa hapa." Akajigusa kwenye paji la uso.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu mtu mmoja wa nyuma, aliyelima bonde lile, akaanza kueleza kwa sauti, na kicheko kikapita kanisa zima, hadi jirani yetu mwenyewe akakaa chini akijifuta macho kwa sababu nyingine. Mwalimu aliwaacha wacheke. Walipotulia, akasema kwa upole wake ule wa hatari, "Sawa, Mzee. Basi nitajie ng'ombe zako."

Baba alifumba macho. Kisha akafanya kitu ambacho hadi leo nakiona. Alisogea nyuma hatua kidogo, akainua mikono, akashika plau isiyokuwepo. "Upendo," akasema, na kichwa chake kikaelekea kulia. "Furaha," na kushoto. Akashuka nira moja moja katikati ya kanisa la nyasi, kulia na kushoto. Hata wasiojua kusoma waliona ng'ombe. Akafika kwenye nira ya mwisho. "Uaminifu. Upole." Akasimama hapo.

"La tisa?" mwalimu akauliza.

Mama alikuwa ameshika mkono wangu na kuuminya. Midomo yake ilikuwa inalitamka lile neno bila sauti, lakini baba alikuwa amefumba macho. Nilitaka kupiga kelele. Niliona shati likishushwa kutoka kwenye boriti na kukatwa nepi.

"Nira ni nne, mwalimu," baba akasema mwishowe. "Ng'ombe ni nane. Huyo wa tisa mimi nilimtafuta siku nyingi, sikumwona."

"Basi hulijui."

"Nalijua." Akafumbua macho. "Siku ile plau ilivunjika nilimtafuta tena, kwa sababu nilikuwa nataka kuua mtu. Nikatazama mbele mpaka nyuma. Wote wako na nira yao. Aliyebaki bila nira ni mimi. Nikajua hiyo ya tisa si ya ng'ombe. Ni ya mwenye kushika mjeledi. Ni kiasi, mwalimu."

Kabla mwalimu hajasema neno, sauti ikatoka mlangoni. Mzee wa kamba alikuwa amesimama pale, nusu ndani nusu nje, kiko mkononi. Hakuwahi kukanyaga pale kabla, wala hakukanyaga tena baadaye. "Mimi sijui hii mambo yenu ya maji," akasema. "Lakini nilikuwa huko. Hiyo mjeledi, huyu aliweka chini polepole, kama mtu analaza mtoto." Akaondoka.

Mwalimu alifunga kitabu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya ile mithali inayosema mtu anayeitawala roho yake ni bora kuliko anayeteka mji. Wahubiri wengi huanza na miji, majeshi na kuta. Mimi sijawahi kuona mji wenye kuta. Mji niliokuwa naujua ni Sisibo, maduka ya mabati na farasi waliofungwa nje ya benki. Lakini najua sura ya mtu anayejitawala, kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye uji. Wengine wakisikia kiasi wanafikiri habari za kunywa na kula. Mimi nadhani Paulo aliliweka mwisho kwa sababu ndiye anayetembea nyuma ya wengine wote ameshika plau, na yeye akiacha njia hakuna mfereji unaonyooka.

Baba alibatizwa kijitoni Jumapili iliyofuata. Shati lilipoloa lilirudi kuwa jeupe, au ndivyo tulivyosema nyumbani. Akapewa jina jipya, ambalo sitaliandika, kwa sababu mama alilipenda sana na alikuwa analiita polepole akidhani hatusikii.

Jumatatu asubuhi alirudi kwenye mitaro. Nilikuwa napita na maziwa Kaburu alipokuja na farasi wake, akasimama ukingoni, akamtazama baba aliyezama hadi kifuani.

"Wewe toto!" akaita. "Kuja hapa."

Nilitazama shingo ya baba. Haikuvimba. Aliweka jembe chini, akajifuta mikono, akapanda kutoka mfereji bila haraka, akaitika, "Naam," na alikuwa anatabasamu. Kaburu akamwambia arudi kwenye plau, kwa sababu yule mwingine ng'ombe hawamsikii. Kaburu alipokwisha kuondoka nilimuuliza baba kwa nini alitabasamu akiitwa vile. Alikuwa anaangalia ng'ambo, ambako ng'ombe wake walikuwa wamesimama na nira shingoni, wanamngoja.

"Ananiita mtoto," akasema, "na hajui ni mtoto wa nani."